Rahisi kwa Nani? Breki ya Umeme na Ufundishaji wa Mashine Rahisi

Kila mwanachuo aingiaye katika vyuo vyetu vya ualimu hufundishwa, kabla hata hajashika chaki, kanuni mbili ambazo sisi wakufunzi huzitamka kana kwamba ni moja. Ya kwanza yasema kwamba mwalimu humwongoza mtoto kutoka lile alijualo kuelekea lile asilolijua. Ya pili yasema kwamba humtoa katika jambo rahisi na kumfikisha katika jambo gumu. Kanuni hizi si za jana. Herbert Spencer wa Uingereza aliiandika hiyo ya pili katika kitabu chake juu ya elimu mwaka 1861, na walimu walikuwa wakiitumia kabla yake. Hatukusudii kuzibeza. Tunachokusudia katika makala hii ni kuonyesha kwamba kanuni hizi mbili hazisemi jambo moja, kwamba mara nyingine hugombana, na kwamba zigombanapo katika somo la mashine rahisi, sisi walimu tumezoea kuifuata ile isiyofaa. Ushahidi wetu hatukuuokota maktabani. Tuliupata uvunguni mwa gari.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha tuliketi nyuma ya darasa la juu katika shule moja ya jirani, fomu ya tathmini ikiwa magotini, tukimsikiliza mwanachuo wetu akifundisha nyenzo. Alikuwa amejiandaa vizuri. Andalio la somo lilikuwa kamili, na ubaoni alikuwa amechora mtaimbo, jiwe na mzigo, pamoja na egemeo lake na jitihada yake, kwa chaki ya rangi tatu. Watoto walinakili. Kisha akauliza kama kuna mwenye swali, nasi tukatazamia ule ukimya wa kawaida.

Mtoto mmoja akasimama. Alisema kwamba gari la mjomba wake halina mkono wa breki kati ya viti. Lina kitufe tu, nacho kikivutwa kwa kidole gari husimama pale pale hata mlimani. Akauliza: hiyo ni mashine rahisi ya aina gani? Mwanachuo alifikiri kidogo, akajibu kwamba hiyo si mashine rahisi, hiyo ni umeme. Mtoto hakuketi. Akauliza tena: basi betri ikifa usiku, gari litateremka? Mwanachuo akajibu bila kusita kwamba ndiyo, kwani umeme ukikatika kila kitu cha umeme huzimika. Darasa zima likaafiki. Hata sisi tuliokuwa nyuma tuliafiki, na katika fomu, mbele ya maneno "Kujibu maswali ya wanafunzi", tukaandika kwamba amejibu kwa kujiamini. Tukampa alama nne katika tano.

Jibu lile lilikuwa kosa. Nasi hatukulijua kuwa ni kosa mpaka wiki iliyofuata, na hatukulijua kwa kusoma.

Yuko mkufunzi mwenzetu ambaye mkono wake wa kushoto umepungukiwa nguvu kwa maradhi. Katika nchi yetu dereva huketi upande wa kulia, kwa hiyo mkono wa hendibreki huvutwa kwa kushoto. Si kazi ndogo kwa mgonjwa. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya breki za magari madogo, Na. 13-H, humruhusu mwenye kuunda gari aidai mikononi mwa dereva kani ya hadi nyutoni 400, yaani karibu sawa na kunyanyua ndoo mbili za lita 20 zilizojaa maji. Mwenzetu hakuwa na uwezo huo. Kwa muda mrefu aliegesha kwa kutegemea gia peke yake, huku mwanawe akishuka upesi kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Tumemwona mtoto huyo akikimbia na jiwe mvuani.

Fundi wa gereji iliyo karibu na chuo akaamua kumwundia gari litakalomfaa. Alichukua fremu ya pikapu kuukuu, akaweka injini na giaboksi ya otomatiki zilizotoka katika gari jingine, akaigonga bodi kwa nyundo yake mwenyewe muda wa miezi kadhaa. Ni gari la kuunga. Halifanani na lolote barabarani, na watoto wa mtaa wamelipa jina ambalo heshima ya mwenye gari inatuzuia kuliandika hapa. Wako watakaosema kwamba gari la otomatiki lina alama ya P, basi breki ya kuegeshea ya nini? Fundi alitujibu kwamba P ni kijino kimoja cha chuma kinachoingia katika gurudumu lenye meno ndani ya giaboksi, na kwamba kukiachia kijino hicho uzito wote wa gari mlimani kila siku ni kutaka kikatike.

Huko Marekani na Uingereza, ambako watu wengi huunda magari majumbani mwao kwa mapenzi ya kazi hiyo, huuzwa vifaa vya kuigeuza hendibreki ya kawaida iwe ya umeme: mota yenye gia zake na parafujo yake, kisanduku cha kuiongoza, kitufe, na taa ya kuonya. Ndugu wa mwenzetu alimletea kifaa cha namna hiyo. Fundi alikuwa hajapata kukifunga hata kimoja. Tukamwomba ruhusa ya kwenda na wanachuo wachache kutazama, na tukahakikisha kwamba yule aliyejibu swali la mtoto yumo. Wakati huo tulikuwa hatujashuku jibu lake. Tulimchukua kwa kuwa alionyesha kupendezwa.

Yafaa tueleze kwa kirefu kidogo yaliyotokea, maana somo lote limo humo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuitafutia mota mahali. Fundi aliifunga juu ya bati la sakafu, chini ya kiti, akaunganisha fimbo yake na waya mbili za chuma ziendazo katika magurudumu ya nyuma. Akabonyeza kitufe. Mota ikanguruma, waya zikakaza, kisha mbele ya macho yetu bati la sakafu likajikunja kama kifuniko cha kopo. Magurudumu yalikuwa hayajashikwa hata kidogo. Wanachuo walicheka, fundi hakucheka. Alisema maneno ambayo kitabu cha sayansi huyasema kwa lugha ya heshima zaidi: ukiivuta waya, na waya inakuvuta. Akaing'oa mota na kuifunga upya kwenye fremu, juu ya kipande cha chuma kinene. Tangu hapo hatujaona haja ya kumchora mtu anayesukuma ukuta ili kufundisha kwamba kila kani ina kani iliyo sawa nayo kwa upande wa pili.

Mara ya pili fimbo ilikwenda mpaka mwisho wa safari yake, na bado gurudumu lilizungushika kwa mkono. Sababu ilikuwa breki shuu zilizolika, ambazo zilikuwa mbali na dramu. Safari yote ya fimbo iliishia katika kuziba pengo. Ilibidi zirekebishwe kwanza kwenye magurudumu. Hili tulipite.

Mara ya tatu waya wa umeme ukapata moto. Msaidizi wa fundi, ili kupunguza kazi, alikuwa ameuchukua umeme kutoka waya wa redio. Mota ilivuta polepole, kwa uvivu, na muda si muda tukasikia harufu. Mwanachuo mmoja aliugusa waya akaruka. Fundi alikaripia, kisha akakokotoa kwa kidole juu ya vumbi la boneti: tuseme mota yataka ampea 15 inapokaza, betri ni volti 12, hizo ni wati 180, ilhali redio hiyo yataka sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Waya mwembamba ni kama njia nyembamba ambayo umati wataka kuipita mbio. Akavuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi karibu kabisa na betri, wala si karibu na mota. Tulipomwuliza kwa nini, alijibu kwamba fyuzi haiwekwi kuilinda mota, huwekwa kuulinda waya. Sehemu yoyote ya waya iliyotangulia fyuzi haina mlinzi. Tunakiri kwamba kwa miaka kadhaa tumefundisha fyuzi kuwa "hulinda chombo", na hakuna mwanachuo aliyetupinga.

Hatimaye ikashika. Ndipo tulipotaka kujua mota hujuaje pa kukoma. Mwanamke akamuaye nguo husikia kwa viganja vyake kwamba imekauka, akaacha. Mota haina viganja. Lakini mota inapokutana na ukinzani hupunguza mwendo, na mwendo upunguapo mkondo wa umeme huongezeka. Kisanduku hupima mkondo huo, nao ukifika kiasi kilichowekwa, hukata. Kwa hiyo baada ya sekunde chache za mngurumo huwa kimya kabisa. Mmoja wa wanachuo aliuliza swali la maana: maadam mota imenyamaza, ni nini sasa kinachovuta?

Fundi hakujibu kwa maneno. Alituongoza hadi njia iteremkayo mtoni. Kabla ya yote aliweka mawe makubwa nyuma ya magurudumu, nafasi ya kiganja kimoja tu, ili gari likishindwa lisifike mbali, na mtu akaketi kwenye usukani mguu ukiwa juu ya pedali. Wanachuo walipima mteremko kwa ubao wa mita 2 na kipima usawa. Ncha moja ilikuwa juu ya ardhi kwa sentimita 41. Ni zaidi kidogo ya 1 kwa 5, yaani asilimia 20, ambacho ndicho kipimo ambacho kanuni tuliyoitaja hudai breki ya kuegeshea ikishike gari likiwa limepakia. Wakakokotoa: gari la kilo 1,000 kwenye mteremko wa asilimia 20 huvutwa chini kwa kani iliyo karibu sawa na uzito wa kilo 200. Kitufe kikavutwa, mguu ukaondolewa kwenye pedali. Gari likatulia.

Kisha fundi akafungua boneti, akachukua spana, akachomoa waya wa betri.

Hakuna aliyesema neno. Mwanachuo wetu alikuwa amesimama kando ya barabara, na tulimwona akirudi nyuma hatua mbili. Gari halikusogea. Fundi akaiweka betri yote chini, juu ya majani, akaketi juu yake, akawasha sigara. Umeme ulikuwa umekwenda zake, nayo breki imebaki.

Siri yote imo katika parafujo. Mota huzungusha gia, gia kubwa hupunguza mwendo na kuongeza nguvu, na mwisho wa yote parafujo huzunguka na kuivuta nati iliyoshikamana na fimbo. Meno ya parafujo ni mteremko mrefu uliozungushwa juu ya kipande cha chuma. Na mteremko ukiwa wa taratibu sana, msuguano huushinda. Ukiizungusha parafujo, nati hutembea. Lakini ukiivuta nati kwa nguvu zako zote, parafujo haizunguki. Njia ni ya upande mmoja. Kila aliyepata kubadili gurudumu ameliona jambo hili bila kulijali: huzungusha jeki ya parafujo, huiacha, na gari hubaki juu ingawa hakuna aliyeshika mpini. Kanuni ya Umoja wa Mataifa yenyewe yataka hivyo. Yadai kwamba breki ya kuegeshea ikishafungwa, ishikiliwe na kifaa cha kimakanika kitupu. Ni kwa ajili hiyo kitufe kilipoingia katika magari ya kiwandani, kama BMW ya mfululizo wa 7 ya mwaka 2001, parafujo au kizuizi kingine cha chuma hakikuondoka. Katika magari mengi ya sasa mota ndogo hukaa juu ya kalipa ya gurudumu la nyuma na kuisukuma pistoni kwa parafujo. Waya za kuvuta hazimo tena. Umeme hukaza na kulegeza. Kushika si kazi yake.

Basi jibu sahihi la swali la yule mtoto ni kinyume cha lile tulilolipa alama nne. Betri ikifa usiku, gari halitateremka. Taabu ni kwamba asubuhi halitaondoka, kwani hakuna umeme wa kuilegeza breki, mpaka betri isaidiwe na betri nyingine au ifunguliwe kwa mkono pale ambapo kifaa kina njia hiyo.

Huenda msomaji akasema kwamba hilo ni kosa dogo la mwalimu mwanafunzi, nasi tunalikuza. Hatuafiki. Mtoto aliyeuliza swali lile atakuwa fundi au dereva kabla ya miaka 10 kupita, na magari yenye kitufe yanashuka bandarini kila mwezi yakiwa yametumika. Fundi wetu ana kalipa iliyovunjika ambayo huitumia kuwaonya vijana wake. Ililetwa na mtu ambaye gari lake lilikuwa limebadilishwa pedi mahali pengine; aliyezibadili hakujua kwamba nyuma ya pistoni mna parafujo, akairudisha pistoni kwa kuibana kwa klempu kama ilivyo desturi ya breki za zamani, bila kuirudisha mota kwanza. Parafujo haikukubali kurudi, kwani ndiyo kazi yake, na kitu kikavunjika. Mtu huyo hakukosa nguvu wala zana. Alikosa kujua kwamba ile mashine rahisi aliyoinakili ubaoni utotoni ndiyo iliyokuwa mikononi mwake siku hiyo.

Sasa turudi kwenye kanuni zetu mbili. Ukifuata kanuni ya rahisi kwanza, kama tulivyomfundisha mwanachuo wetu, utaanza na wenzo, utafuata roda, mteremko, kabari, parafujo, gurudumu na ekseli, kila kimoja na mchoro wake, na mwishoni, muda ukiruhusu, utataja mashine changamani. Muda hauruhusu. Lakini rahisi kwa nani? Mtaimbo uliochorwa pamoja na egemeo na mishale ya kani ni rahisi kwa mwalimu, aliyekwisha kuiona mashine nzima na kuigawa. Mtoto hajaigawa. Kwake mchoro ule ni kitu kigeni kilichoshuka ubaoni bila kuitwa. Alichokijua yule mtoto, alichokigusa kwa kidole chake, kilikuwa kitufe. Kanuni ya kwanza ilitaka tuanzie hapo. Kanuni ya pili ikatufanya tumjibu kwamba hapo hapahusiki. Mwanachuo wetu aliposema "hiyo si mashine rahisi, hiyo ni umeme", alikuwa mwaminifu kabisa kwa mpango wa somo tuliompa.

Alirudi darasani kwa hiari yake. Alianza kwa kuwaambia watoto kwamba jibu alilotoa lilikuwa kosa, jambo ambalo wengi wetu hatukulifanya katika miaka yetu ya kwanza ya ualimu na baadhi yetu hatujalifanya bado. Hakuwa na gari. Alikuwa na mfuko wa boliti na nati alizopewa na fundi, jeki moja, na kipande cha karatasi chenye umbo la pembetatu. Kila kundi lilipewa boliti moja na kuambiwa liitoe nati kwa kuivuta. Walivuta, waliuma meno, mmoja aliifunga kamba akavutana na mwenzake. Kisha wakaizungusha kwa vidole viwili ikatoka. Akaizungusha ile pembetatu ya karatasi juu ya penseli, na ukingo wake ukawa meno ya parafujo, mteremko ukaonekana. Hapo ndipo alipochora breki yote ubaoni, kutoka kitufe hadi gurudumu, na kuwaomba waitafute kila mashine rahisi iliyojificha humo. Walipata gurudumu na ekseli katika gia. Walipata mteremko katika parafujo. Ndani ya dramu walipata wenzo mdogo unaozisukuma breki shuu, na hapo mtaimbo wa wiki iliyopita ukarudi ubaoni, safari hii ukiwa umeitwa.

Swali moja hakuweza kulijibu. Mtoto alitaka kujua kama breki iliyofungwa ikiwa na moto itabaki imekaza baada ya kupoa. Akasema hajui, akaliandika pembeni mwa ubao, akaja nalo chuoni. Jibu lake ni zuri kuliko tulivyotazamia. Diski ipoapo husinyaa na kuwa nyembamba, kwa hiyo pedi huweza kulegea; ndiyo maana baadhi ya magari ya kitufe hukaza tena yenyewe baada ya dakika kadhaa, na mwenye gari husikia mngurumo ilhali ameshatoa ufunguo. Dramu nayo huzikumbatia shuu kutoka nje, hivyo ikisinyaa hukaza zaidi. Joto ni lile lile na chuma ni kile kile, lakini matokeo yanapingana kwa sababu ya umbo tu. Kupanuka na kusinyaa tumekufundisha miaka yote kwa tufe na pete.

Wenzetu wamekwisha kutupa pingamizi. Wengine husema kwamba shule nyingi hazina gereji jirani, na kwamba kijijini mtoto hajaona kitufe. Ni kweli, na hatudai kwamba kila mwalimu aanze na breki ya umeme. Pale ambapo watoto wanajua pampu ya kisima, baiskeli au mashine ya kukoboa mpunga, kitu kijulikanacho ni hicho, na parafujo, wenzo na roda zimo humo humo. Wengine huhofia kwamba kuanza na mashine nzima kutamchanganya mtoto. Humchanganya kweli, kwa dakika kumi za kwanza, tulishuhudia. Wala hatungependa kanuni hii ipelekwe katika kusoma herufi au katika kujumlisha, ambako mpangilio wa rahisi hadi gumu umetufaa sana. Pingamizi lililotuelemea zaidi ni la mitihani: mtihani huuliza egemeo liko wapi, hauulizi ni nini kinachoshika gari betri ikifa. Kwa hilo hatuna jibu ila kusema kwamba mtoto aliyelitafuta egemeo ndani ya dramu hatashindwa kulionyesha katika mchoro, ilhali kinyume chake tumekwisha kukiona.

Ndugu mwanachuo, iko sehemu yetu pia. Tuliketi nyuma ya darasa lile tukiwa na stashahada zetu, na swali la mtoto likatupita kama lilivyompita mwanafunzi wetu. Fomu tuliyoshika ina safu ya kujiamini, ina safu ya sauti, ina safu ya usafi wa ubao. Haina mahali pa kumpa alama mwalimu asemaye "sijui, nitakuletea jibu". Kwa fomu hiyo, somo la kwanza lilishinda la pili kwa alama mbili. Tulizijaza zote mbili kwa mkono wetu na zimo katika jalada.

Mwenzetu sasa huegesha peke yake. Fundi aliweka kitufe upande wa kulia wa usukani, na waya zake akazipanga hivi kwamba breki yaweza kufungwa wakati wowote, lakini hailegei mpaka ufunguo uwe umewashwa na mguu uwe juu ya pedali, kwa ajili ya wajukuu. Mwanawe bado hushuka na jiwe kila wafikapo mlango wa chuo, penye mteremko, nasi hatujamkataza. Fomu za tathmini za muhula huu zilikuwa zimekwisha kuchapwa tulipoyafikia mawazo haya, kwa hiyo safu iliyopungua tumeiongeza kwa kalamu.